Chumba cha video Birere, Goma: Burrow kwa franga 1,000

Nililipa franga 1,000 kutazama fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ya Januari 2020, LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) na Clemson, kwenye flashi ya mwenye chumba. Benchi linaumiza mgongo, na jenereta ilizimika robo ya tatu. Lakini Joe Burrow wa LSU, jamani! Kwotabeki huyu, mrushaji anayeongoza mashambulizi, alihamia LSU kutoka chuo cha Ohio State. Mwaka 2018 pasi zake zilizaa tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 16 tu. Msimu uliofuata 60, yadi 5,671, na wapinzani wakamnyang'anya pasi mara 6 pekee! Fainali yenyewe LSU ilishinda 42-25, pasi zake 5 za tachidauni. Jirani yangu, shabiki wa klabu ya soka ya Virunga, aliuliza mpaka mwisho: kipa yuko wapi? Papa mwenye chumba, tengeneza jenereta, nitarudi.