Unataka kushona kwilti? Nunua kitambaa kwa mpangilio huu, na ubebe kiberiti

Kila nikionyesha watu kwilti yangu, yaani lile blanketi la viraka vya kuunganisha, swali ni moja, umenunua wapi kitenge kizuri hivi. Nikisema asilimia kubwa ni mashati ya wanaume ya soko la Kibuye wananiangalia kama nimewadanganya. Sasa wacha niandike mara moja, kutoka kile ningenunua kwanza hadi kile singegusa hata kikiwa cha bure. Mimi nashonea Kisumu kwa cherehani ya miguu, kwa hivyo naongea ya huku.

Namba moja: mashati ya wanaume ya mitumba, yale ya ofisi ya mikono mirefu. Pamba yake imefumwa kwa karibu, imeshafuliwa mara nyingi, kwa hivyo kurudi imesharudi na kuchuja imeshachuja, matatizo yote mawili alimaliza mwenyewe wa kwanza. Wewe angalia lebo ya ndani tu. Ikisema cotton 100% chukua, ikisema polyester 65 na cotton 35 rudisha, hata muuzaji akikuapia. Lebo ikiwa imekatwa shika mgongo wa shati ufinye kwa ngumi uhesabu mpaka kumi, pamba inabaki na mikunjo kama uso wa mzee, polista inaruka inanyooka kama hakujatokea kitu.

Na usishindanie kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza, hiyo waachie wenye kuuza tena. Wewe unataka fagia, yale mabaki ya bei ya chini. Shati lina doa la wino kwenye mfuko ama kola imeisha, nani atavaa, lakini mgongo ni mzima! Jumapili Kibuye imejaa na kama umefika mapema utaambiwa bei ya kamera kwa kila kitu, mimi huenda jua likishaanza kuteremka, wauzaji wamechoka kukunja, unasikia tu "anti chukua hizo nne mia mbili niende nyumbani." Shati moja kubwa, XL kwenda juu, linanitolea zaidi ya viraka thelathini vya inchi 5 kwa 5. Mgongo peke yake ni ishirini. Ukitoa robo inchi ya mshono kila upande kiraka kinabaki inchi 4 na nusu, kwa hivyo safu 13 kwa 17 inakupa inchi 58 na nusu kwa 76 na nusu, na hiyo inafunika kitanda cha futi tatu na nusu na kuning'inia kando. Mashati saba tu.

Namba mbili ni kitenge cha pamba. Ndio, namba mbili, mnisamehe. Ni kizuri na kinaleta uhai, lakini maua ni makubwa, ukikata inchi 5 unapata nusu ya jicho la tausi na haieleweki ilikuwa nini. Kitumie kwa viraka vichache vya katikati na kwa pindo la kuzunguka. Kwa maduka ya vitambaa geuza upande wa nyuma, wax ya kweli rangi iko sawa pande zote mbili, ile ya kupigwa upande mmoja nyuma yake ni nyeupe nyeupe. Maandishi ya pembeni usiyaamini sana, Vlisco wanatengeneza kule Uholanzi tangu 1846 na jina lao linaigwa kila siku.

Halafu uzi. Chomoa nyuzi mbili pembeni (omba ruhusa, wengine hukasirika), uwashe nje ya duka. Pamba inanuka karatasi ikiungua na jivu linapukutika. Polista inayeyuka, inanuka plastiki, inaacha shanga nyeusi ngumu. Kuna siku mimi sikufanya hivyo, nikanunua yadi sita za kitenge chekundu kinang'aa kwa duka moja hapa tauni, kipande cha kwanza kikashika pasi mpaka leo ile pasi ina kovu. Kile kingine nilichonunua hapo hapo kilikuwa pamba kweli, lakini nilishona kabla ya kufua na kwilti ya mtoto wa dada yangu ikatoka kwa beseni mashati meupe yote yamekuwa pinki. Sasa naloweka kipande kwa maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, cheupe kikishika rangi nafua tena na tena, na ikiendelea kuchuja nashonea mfuko. Chumvi na siki nimejaribu, ni kazi bure.

Namba tatu, shuka za pamba za mitumba, hizo ni za mgongo wa kwilti. Upana unatosha bila kuunga katikati. Inua juu uangalie jua, katikati ikiwa imekonda kama chujio la chai achana nayo. Leso pia inafaa hapa, ila ni nyepesi na ni fupi kwa kitanda cha mtu mzima, iweke kwa ya mtoto na uache jina lake lisomeke.

Namba nne ni mabaki ya fundi. Ni ya bure, ndio shida yake, unapewa gunia lina lasi, satini, jinzi na kitambaa cha yunifomu, unashinda siku mbili ukichagua. Na usichanganye jinzi na shati, jinzi itavuta mpaka shati lipasuke mshononi.

Ya mwisho kabisa ni kitu chochote kinachonyumbuka. Tisheti, leggings, hapana.

Kwa tabaka la katikati, kati ya viraka na shuka ya mgongo, mimi natumia blanketi la zamani lililokonda, watu wa Nakuru na baridi yenu wekeni zito, huku Kisumu hata shuka moja inatosha. Kiolezo cha kukatia nilitoa kwa filamu ya eksirei ya zamani, haichakai kingo kama katoni, na nimebandika msasa chini yake isiteleze. Chora na kipande cha sabuni kilichokauka, kinatoka kwa maji.

Mfuko wa shati usiutoe kama hauna doa. Kata kiraka nao ulivyo. Mtoto wa dada yangu huwa anaficha ndani yake njugu, nazikuta nikifua.