Transfoma ya kushushia umeme kwa amplifaya ya Marekani: uzoefu wangu hapa Dar

Transfoma niliyonunua Kariakoo, ya kushusha volti 230 kuwa 110, VA 1000 (VA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), ni nzito kama tofali na nimeridhika nayo. Inaendesha amplifaya ya Marantz niliyohama nayo kutoka Minneapolis, ambayo nyuma imeandikwa 120V 60Hz na haina swichi ya kuchagulia volti.

Uzito huo ndio wa kutafuta. Duka moja lilitaka kuniuzia kikasha chepesi kilichoandikwa wati 2000. Vile ni vya pasi na mashine za kukaushia nywele: vinakatakata wimbi la umeme, na amplifaya haipatani na umeme wa namna hiyo. Ukikinyanyua ukakiona chepesi, kirudishe mezani.

Kuna wanaoshauri ya 120 kamili. Mimi nasisitiza 110. Umeme wetu ni wa masafa ya 50Hz, na transfoma iliyo ndani ya amplifaya ya 60Hz hupata joto zaidi ikipewa volti zilezile kwa 50Hz, kwa hiyo 110 inaipa nafuu. Tena kifaa hiki hakitulizi umeme. Ukipanda ukutani hadi 250, cha kwangu hutoa kama 120. Kile cha 120 kingetoa 130. Ndiyo maana nimetanguliza stabilaiza, kwa kuwa mtaani kwetu jioni umeme hauna utulivu. Sauti ya muziki sijaisikia ikipungua hata kidogo.

Transfoma yenyewe inavuma. Iweke mbali na mashine ya santuri, maana sumaku yake huingia kwenye kichwa cha sindano na mvumo huo utausikia kwenye spika.

Na kwenye santuri ndipo msaada wake unapoishia. Mashine yangu ni ya mkanda na mota yake hufuata masafa ya umeme. Volti zilikuwa sawa, lakini sahani ya 33⅓ ilizunguka chini ya mara 28 kwa dakika, waimbaji wote wakawa na besi. Hakuna transfoma inayobadili 50Hz kuwa 60Hz. Fundi mchongaji alinitengenezea puli ya mota yenye kipenyo kilichoongezwa moja ya tano, mwendo ukarudi palepale. Kazi safi, nampongeza. Wenye mashine ya Technics SL-1200MK2 msihangaike na hilo: mota yake inaongozwa na kristali, haitegemei masafa ya ukutani, hivyo kushusha volti kunatosha.

Kabla ya kununua, soma wati nyuma ya amplifaya. Ikiwa ni 300, chukua VA 600 kwenda juu.