TAHADHARI: Kishoka wa viapo nje ya mahakama amemwaibisha Bibi yangu

Ndugu zangu, siku tatu nalia tu, leo nalisema. Tuna kesi mahakamani ya kiwanja cha marehemu babu.

Kilihitajika kiapo cha Bibi, yaani maelezo yake ya maandishi anayoapa kuwa ni kweli. Bibi hajui kusoma na miguu haimbebi, nikaenda mimi kumwandikishia. Nje ya mahakama nikamkuta yule bwana, shati jeupe limenyooka, tai, mezani kompyuta, printa na mihuri imepangwa. Akaniita "dada yangu". Akauliza Bibi amezaliwa wapi, babu alifariki mwaka gani, anaandika huku ananipa pole. Mtu wa hivyo utamdhania tapeli? Na mlango wa mahakama ule pale, unauona! Nikatoa 80,000. Akanipa karatasi mbili: "Bibi aweke dole gumba, basi, imeisha."

Nilikishika kidole cha Bibi kwa mkono wangu mwenyewe, nikakigusisha kwenye wino, nikamwambia, "Bonyeza hapa, Bibi." Akabonyeza. Hakuuliza chochote, kwa sababu ni mimi.

Jumatatu hakimu akamuuliza, "Bibi, kiapo hiki ulikula mbele ya wakili gani?" Bibi akajibu, "Baba, mimi sijaonana na wakili. Mjukuu wangu ndiye kaniletea wino." Watu wote wakanigeukia. Hakimu akaisoma aya ya nne ya kiapo, eti Bibi anakiri babu alishakiuza kiwanja. Bibi hajasema hivyo hata siku moja! Yote Kiingereza, mimi nilipitisha macho tu. Sheria ilishabadilishwa tangu 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, sasa Kiingereza kwa Bibi wa miaka 80 cha nini? Kiapo kimetupiliwa mbali, na upande wa pili wanatucheka.

Jina la wakili kwenye muhuri tumelitafuta e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki mawakili, halipo. Na muhuri ulikuwa umeshagongwa KABLA Bibi hajaweka dole, hilo ndilo ningeliona mapema. Risiti hakutoa. Kumbe mwapaji, yaani anayeapa, lazima awepo mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo, kama wakili anayeshuhudia kiapo, na asiyejua kusoma asomewe kwanza. Mimi sikulijua.

Nimeripoti polisi, RB (namba ya taarifa) ninayo. Kujifanya wakili ni kosa la jinai, sitaki kusikia habari ya kurudishiwa hela. Huyu afungwe! Ana wazee wangapi wenye vidole kwenye karatasi zake? Kama na wewe alikuandikia, nitumie ujumbe leo, twende kituoni pamoja.