Kyubiti za bure za IBM ukiwa Arusha: zinafundisha dikohirensi vizuri, mradi uulize maswali mawili

Walimu wa fizikia na kompyuta wa Arusha na Moshi wanaotafuta mahali pa kuwaonyesha wanafunzi mfungamano wa kwanta wana njia moja isiyo na gharama: huduma ya mtandaoni ya IBM Quantum. Tunaipendekeza, na hasa kwa somo ambalo simuleta (programu inayoiga kompyuta ya kwanta) hulificha, yaani dikohirensi: jinsi mfungamano unavyokufa. Ila ina namna yake ya kutumika. Ukikosea, utaondoka na grafu nzuri isiyothibitisha chochote.

IBM waliweka kompyuta ya kwanta ya kyubiti 5 (kyubiti ni biti ya kwanta, ikipimwa husomeka 0 au 1) mtandaoni mwaka 2016. Leo vichakato vya familia ya Heron vina kyubiti 133 au 156. Mpango wa bure unakupa dakika 10 katika kila siku 28, na zinahesabiwa dakika za kichakato kufanya kazi. Muda wa foleni haukatwi. Dakika 10 zinasikika kama kijiko cha chai. Kwa jaribio la kyubiti mbili ni nyingi, na hesabu yake iko hapo chini.

Kwanza lieleweke linalopimwa. Chukua doti ya kanga, uikate. Kipande kimoja kibaki Soko la Kilombero, kingine kifungwe kwenye furushi na kupanda basi la Moshi. Atakayefungua furushi Moshi akasoma jina la kanga, papo hapo anajua jina la kipande kilichobaki Arusha. Hakuna maajabu: jina lilichapwa kiwandani. Huo ni uhusiano wa kawaida, na ndio ambao watu wengi huuita mfungamano kwa makosa. Kyubiti mbili zilizofungamana zinakubaliana kwa swali la jina, halafu zinakubaliana pia kwa swali la pili, ambalo doti yetu ingelijibu kwa kubahatisha. Kwa hiyo jaribio lenye swali moja haliwezi kutofautisha kyubiti na kanga.

Saketi yenyewe ni fupi. Weka geti H (hatua inayoiweka kyubiti kati ya 0 na 1) kwenye kyubiti ya kwanza, kisha CX (geti inayogeuza ya pili iwapo ya kwanza ni 1) kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kisha pima zote mbili. Utapata 00 (zote mbili 0) karibu nusu na 11 (zote mbili 1) karibu nusu. Hapa ndipo ripoti nyingi za wanafunzi huishia, na hapa ndipo zinapokosea, maana sarafu mbili zilizogundishwa kwa gundi zingetoa matokeo hayo hayo. Swali la pili linaulizwa kwa kuongeza geti H kwenye kyubiti zote mbili kabla tu ya kupima. Mfungamano ukiwa mzima, yanarudi tena 00 na 11 peke yake. Ukiwa umeshakufa ukabaki uhusiano wa kanga, majibu yote manne yanatokea, kila moja kwa asilimia 25. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho hata kabla ya hesabu, na mwanafunzi aliyeiona hasahau.

Sasa dikohirensi. Kati ya CX na kipimo weka amri ya delay (kusubiri) kwenye kyubiti zote mbili, ukirudia kwa muda tofauti: mikrosekunde 0, 5, 10, 20, 40, 60, 80 na 120. Muda 8 mara maswali 2 ni saketi 16. Kila saketi irudiwe mara 4096, jumla marudio 65,536. Mapumziko ya kawaida kati ya marudio ni mikrosekunde 250, hivyo jaribio zima, pamoja na hizo delay, linakula karibu sekunde 20 za kichakato, ukiacha matayarisho. Tuma saketi zote 16 ndani ya kazi moja. Ukizituma moja moja utapanga foleni mara 16, na kati ya ya kwanza na ya mwisho mashine itakuwa imebadilika.

Kwa nini 4096? Kosa la kubahatisha kwenye uhusiano (sehemu ya majibu yanayokubaliana toa ya yanayotofautiana) ni takriban 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha marudio, yaani 1/64, karibu 0.016. Ukibana matumizi ukaweka marudio 100, kosa linafika 0.1, na mteremko wa dikohirensi unazama kwenye kelele.

Kinachoharibu jaribio kwa kawaida hakitokani na mashine. Kinatokana na transpaila, programu inayogeuza saketi yako iwe lugha ya kichakato. Geti H mbili zikifuatana inazifuta, maana kihesabu zinakatana, na hapo kitu ulichotaka kukipima kimeondolewa kwa nia njema. Weka barrier (kizuizi ambacho transpaila haivuki) kabla na baada ya delay. Pia inaweza kuchagua kyubiti tofauti kwa kila saketi, kwa hiyo nukta zako 8 kwenye grafu zikawa za jozi tofauti. Funga jozi kwa initial_layout (chaguo la kutaja kyubiti unazotaka), na jozi hiyo iwe ya jirani wa kweli kwenye ramani ya kichakato. Zisipokuwa jirani, transpaila inapachika SWAP (geti ya kubadilishana nafasi), na kila SWAP ni CX tatu.

Jozi ichaguliwe vipi? Ukurasa wa kila kichakato unaonyesha kalibresheni (vipimo vya hali ya mashine): T1 na T2 zinazoelezwa katika aya inayofuata, kosa la geti na kosa la kusoma. Wengi hukimbilia T2 kubwa. Sisi tunaanza na kosa la kusoma. Chukua jaribio la CHSH, linalounganisha uhusiano wa vipimo vinne kuwa namba moja, S, ambapo kanga haziwezi kupita 2 na kwanta inafika 2.83. Kosa la kusoma likiwa asilimia 1 kwa kila kyubiti, kila uhusiano unazidishwa kwa 0.98 mara mbili, na S inashuka hadi karibu 2.72. Likiwa asilimia 8, S inaanguka chini ya 2 hata kama kyubiti zenyewe zimefungamana barabara. Mwanafunzi ataandika kwamba mfungamano haupo, kumbe msomaji ndiye mwenye macho mabovu.

T1 ni muda ambao kyubiti iliyo kwenye 1 inaporomoka kwenda 0. T2 ni muda ambao awamu yake, ile ambayo swali la pili linaitegemea, inapotea, na haiwezi kuzidi mara mbili ya T1. Kuna mtego wa T1 unaostahili kipindi kizima darasani. Kwa swali la kwanza, delay ikiongezwa, uhusiano unashuka hadi karibu 0.5, kisha unapanda tena! Mfungamano haujafufuka. Kyubiti zote mbili zimeporomokea 00, na vitu viwili vilivyokufa vinakubaliana daima. Angalia idadi ya 11 pembeni ya 00, siyo uhusiano peke yake.

Mtego wa pili uko kwenye swali la pili. Grafu inaweza kushuka, kupita sifuri, ikarudi upande wa chini, kama bembea. Mara nyingi hiyo ni tofauti ndogo ya masafa kati ya kyubiti na saa inayoiendesha: awamu inazunguka, haijapotea. Dawa yake ni mwangwi: gawa delay nusu kwa nusu, katikati weka geti X (inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0) kwenye kyubiti zote mbili. Mzunguko wa nusu ya kwanza unafutwa na wa nusu ya pili, na kinachobaki kushuka ndicho dikohirensi ya kweli. Fanyeni jaribio pande zote, lenye mwangwi na lisilo nao, muweke mistari miwili kwenye grafu moja. Hakuna picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi kwamba mazingira yanaiba taarifa kwa njia mbili, polepole na haraka, na ile ya polepole inaweza kurudishwa.

Matarajio yawe haya. T2 ikiwa mikrosekunde 100 kwa kila kyubiti, baada ya mikrosekunde 50 uhusiano wa swali la pili umebaki asilimia 37, kwa sababu kyubiti mbili zinachakaa kwa pamoja. Kwa pembe za kawaida za CHSH, upotevu wa awamu pekee unaivusha S chini ya 2 kwenye mikrosekunde 44 hivi. Ukifungamanisha kyubiti 10 kwa pamoja, zinachakaa mara 10 ya kasi ya moja. Na kwa kulinganisha: nuru ndani ya nyaya za faiba hutumia karibu mikrosekunde 400 kusafiri kilomita 80, umbali wa Arusha hadi Moshi. Kyubiti ya namna hiyo ingekuwa imesahau kabla habari haijafika Moshi.

Hapo pia ndipo mpaka wa huduma hii. Kyubiti zote ziko kwenye kipande kimoja cha silikoni, kwa hiyo CHSH unayoipata ni kipimo cha afya ya kifaa, siyo ushahidi mpya kuhusu maumbile. Ushahidi usio na mwanya wa maelezo ya aina ya kanga ulipatikana Delft, Uholanzi, mwaka 2015 kwa almasi zilizotengana kilomita 1.3.

Kwa mazingira yetu, jambo zuri kuliko yote ni kwamba kazi ikishatumwa iko kwenye seva. Umeme ukikatika Tengeru au bando likiisha, haipotei. Hifadhi namba ya kazi, uichukue baadaye hata kwa intaneti ya simu, kwani matokeo ni faili dogo. Kinachokula bando ni kusakinisha Python, Qiskit (programu ya IBM ya kuandika saketi) na Aer (simuleta yake). Pakua vifurushi mara moja kwa pip download, viweke kwenye flashi, visakinishwe kwenye kompyuta zote za maabara. Hakikisha toleo la Python na mfumo endeshi ni sawa kote.

Kasoro zipo. Daftari za mtandaoni ziliondolewa mwaka 2024 pamoja na simuleta za seva, hivyo bila kompyuta yenye Python hufiki mbali. Mpango wa bure hauruhusu kushika mashine kwa kipindi mfululizo, na foleni haitabiriki: usipange kuendesha kazi mbele ya darasa ukitegemea jibu kabla ya kengele. Sehemu kubwa ya maelezo ni ya Kiingereza, na mifano ya zamani iliyozagaa mtandaoni inagoma kwa sababu sasa saketi lazima ipitishwe kwenye transpaila kabla ya kutumwa.

Anzeni na Aer kila mara. Kyubiti 28 bila kelele zinahitaji GB 4 za kumbukumbu, na kila kyubiti inayoongezeka inazidisha mara mbili. Zenye kelele kamili, GB hizo hizo zinaishia kyubiti 14. Kwa kyubiti 2 laptopu yoyote inatosha, na Aer inaweza kubeba kalibresheni ya kichakato halisi. Itawakamatia makosa ya saketi bure. Haitawapa mtikisiko wa T1, ambao kwenye mashine hubadilika ndani ya saa chache kwa sababu ya kasoro ndogondogo za malighafi. Kwa hiyo kila namba ya kazi iandikwe pamoja na kalibresheni ya saa ile ile, siyo ya siku mnayochora grafu.