Slasha kubwa ya trekta kwa malisho yenye vichaka: ipi inunuliwe Dodoma na Kanda ya Kati

Mfugaji wa Kongwa, Mpwapwa au Chamwino anayetafuta slasha kubwa ya trekta kwa kawaida humwuliza muuzaji upana wa mashine kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu upana ndio unaoonekana na ndio unaopandisha bei. Swali linaloamua kama fedha yake imekwenda vizuri ni jingine: mashina manene kuliko yote katika malisho yake yana unene gani, na chini ya majani kuna nini ambacho dereva hakioni. Slasha pana iliyotengenezwa kwa ajili ya majani ikipelekwa kwenye mkulagembe (kichaka cha miiba chenye mashina magumu), mawe na vichuguu huanza kupasuka mapema, ilhali ile nyembamba zaidi lakini nzito hufanya kazi mahali hapo hapo kwa miaka. Mpangilio unaofuata umezingatia kigezo hicho, nami nimeupanga kwa ajili ya mashamba ya Kanda ya Kati, si kwa ranchi za nchi zenye malisho laini ambako nyingi za mashine hizi zilibuniwa.

Kanda hii hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika sehemu kubwa ya Dodoma mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 500 hadi 600. Malisho yaliyochungwa kupita kiasi katika hali hiyo hayabaki kuwa majani matupu, kwa maana mkulagembe na migunga michanga huchukua nafasi iliyoachwa wazi. Mkulagembe ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi yake, kwa hiyo kufyeka mara moja hakuumalizi, na mwenye malisho hulazimika kurudi msimu baada ya msimu. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba slasha itapita tena na tena juu ya visiki ilivyovikata yenyewe, vikiwa vimekauka na kuchongoka. Mashine isiyoweza kuvumilia visiki vyake yenyewe haifai hapa, hata kama siku ya kwanza ilikata vizuri.

Udongo nao una sauti yake. Mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza pale Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulikabiliwa na mambo mengi, mojawapo likiwa ardhi iliyokuwa ngumu mno wakati wa kiangazi na mchanga uliosaga vyuma kwa kasi ambayo wapangaji hawakuitarajia. Visu vya slasha iliyoshushwa chini mno husagwa na mchanga huo huo. Kwa malisho ya aina hii ni vyema kuacha sentimita 10 hadi 15 za majani juu ya ardhi, jambo linalosaidia pia nyasi kuchipua upya.

Kabla ya kutaja mashine yoyote, nguvu ya trekta ihesabiwe kwa ukweli. Trekta nyingi zinazoonekana katika mashamba yetu zina nguvu za farasi kati ya 50 na 90, zikiwemo Massey Ferguson 375 na 385, New Holland TT75, John Deere 5075E, na zile za Swaraj na Farmtrac kutoka India. Nguvu inayotajwa na muuzaji mara nyingi ni ya injini, na ile inayofika kwenye PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha zana, hupungua kwa asilimia 10 hadi 15. Tena Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo huhesabiwa kupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Trekta isiyo na turbo inayouzwa kama ya nguvu 75 inaweza basi kubaki na 58 hivi mahali ambapo slasha inazihitaji. Hesabu hii ndiyo inayowaangusha wanunuzi wengi, kwa kuwa karatasi ya mtengenezaji huandika kiwango cha chini kabisa cha kuzungusha mashine katika majani ya wastani, si kiwango cha kukata vichaka ukipanda mteremko.

Nafasi ya kwanza: slasha nzito ya kuvutwa, upana wa mita 3

Kwa mwenye malisho ya ekari 200 hadi 600 na trekta ya nguvu 85 au 90, chaguo langu ni slasha ya kuvutwa yenye magurudumu yake, upana wa mita 3, ambayo ina vichwa viwili vya visu na imepewa daraja la kukata mashina ya sentimita 7 au zaidi. Bamba lake la juu liwe na unene wa milimita 6 hivi. Zile zenye bamba la milimita 3 hupendeza kwa bei na kwa wepesi, lakini jiwe likirushwa kutoka ndani huliachia uvimbe, na baada ya uvimbe hufuata ufa.

Kazi yake kwa saa inajulikana kwa hesabu rahisi: zidisha upana kwa mita na mwendo kwa kilomita, gawanya kwa 10, kisha ondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuza na kurudia mistari. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, mita 3 hutoa hekta 1.2, yaani karibu ekari 3 kwa saa. Malisho ya ekari 300 yatachukua saa 100, ilhali slasha ya mita 1.8 ingehitaji saa 167 hivi. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu wakati mzuri wa kukata vichaka ni mfupi: ni pale vinapokuwa na majani kamili na ardhi bado ina unyevu, takriban Februari hadi Mei. Baada ya hapo mashina hukauka, na hatari ya moto huanza.

Faida ya kuvutwa ni kwamba uzito hubebwa na magurudumu ya slasha, wala si na mikono ya nyuma ya trekta, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayainuki kwenye mteremko. Kasoro yake ni kurudi nyuma, ambako huhitaji dereva aliyezoea tela. Inahitaji pia tundu la haidroliki la kunyanyulia, na trekta kadhaa za zamani hazina tundu la ziada, hivyo jambo hilo litazamwe kabla ya kulipa malipo ya awali. Propela shafti, yaani chuma kinachopeleka mzunguko wa PTO kwenye slasha, iwe ya kiungo kinachoruhusu kona kali. Ile ya kawaida hugongagonga kila dereva anapogeuza na hatimaye huvunja msalaba wake.

Katika mashine hii tairi lina umuhimu usiopungua ule wa kisu. Tairi la kawaida lenye tyubu halidumu kwenye miiba ya mgunga na visiki vya mkulagembe, na kazi ya saa 100 inaweza kugeuka kuwa kazi ya kuziba pancha. Omba tairi gumu lisilo na upepo, au yale yanayotengenezwa kwa vipande vya tairi vilivyobanwa pamoja, au tairi lililojazwa povu gumu. Watengenezaji wa Marekani huweka pia tairi za ndege zilizokwisha kutumika, nazo huvumilia sana. Muuzaji akisema kwamba tairi hizo hazipatikani, hesabu gharama ya kuzibadilisha kuwa sehemu ya bei ya mashine.

Nafasi ya pili: slasha nzito ya kubebwa, upana wa mita 2.1

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye trekta ya nguvu 70 hadi 75, ambaye ndiye mfugaji wa kawaida zaidi, na kama isingekuwa swali la ekari ningeiweka juu. Ina kichwa kimoja, hufungwa kwenye mikono mitatu ya trekta, na dereva anaweza kurudi nyuma akiinyanyua juu ya kichaka na kuishusha taratibu, jambo ambalo slasha ya kuvutwa hailiwezi. Kwenye malisho yenye mawe ya matale na makorongo, kama sehemu nyingi za Mpwapwa, uwezo huo wa kunyanyua ghafla huokoa mashine. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 5 hutoa ekari 2 kwa saa. Ya daraja zito huweza kuzidi kilo 500, kwa hiyo trekta iwe na vyuma vya uzito mbele, na dereva asivuke mteremko kwa ubavu akiwa ameinyanyua juu.

Nafasi ya tatu: slasha ya mabawa, upana wa mita 4.6

Slasha ya mabawa ni mashine nzuri iliyo mahali pabaya mara nyingi. Katika ranchi kubwa iliyokwisha kusafishwa visiki, yenye trekta ya nguvu 100 au zaidi, itafyeka ekari 4 na nusu kwa saa na kukunja mabawa yake kupita getini. Lakini ina giaboksi zaidi ya moja, propela kadhaa na bawaba zinazohitaji grisi kila siku, na kila kimoja cha hivyo kikivunjika msimu wote unasimama. Nyingine huendeshwa kwa mizunguko 1,000 ya PTO kwa dakika badala ya 540, na trekta nyingi tulizozitaja zina 540 peke yake. Anayeitamani ahakikishe kwanza kwamba amekwisha kutumia mojawapo ya zile mbili za juu kwa misimu kadhaa na kuziona hazitoshi.

Nafasi ya nne: slasha nyepesi ya mita 1.5 hadi 1.8

Hutosha kwa mashamba yaliyolazwa, kingo za mashamba ya mtama na majani yasiyo na miti. Kwa malisho yenye vichaka, hapana.

Wapo wanaouliza kama mashine moja inaweza kufyeka vichaka na pia kukata majani ya kufunga marobota. Slasha huchana majani vipande vipande na kuyatawanya, kwa hiyo robota lake huwa vumbi na upotevu; kwa kazi hiyo inunuliwe mashine ya kukatia majani ya hei. Na vichaka vizito vya Itigi, kule Manyoni, havimo katika uwezo wa slasha ya aina yoyote iliyotajwa hapa.

Yanayopaswa kukaguliwa katika mashine yenyewe

Visu viwe vya kuning'inia kwenye bolti, ili vinapogonga kisiki virudi nyuma badala ya kukipiga kwa nguvu zote. Chini ya kichwa cha visu kuwe na sahani ya duara iliyopinda kama sinia, inayoteleza juu ya visiki na mawe. Vichwa vyenye upau mtupu visinunuliwe kwa malisho yetu. Visu hubadilishwa kwa jozi na kwa uzito ulio sawa, kwani tofauti ya uzito hutetemesha kichwa na kumaliza beringi. Visu vinavyochongwa kwa springi ya lori na mafundi wa mitaani ni vya bei nafuu, lakini ncha ya kisu hupita kilomita 200 kwa saa, na chuma kilichopozwa vibaya kikikatika katika mwendo huo hakichagui kinakokwenda.

Kinga ya giaboksi huwa ya namna mbili. Bolti laini inayokatika kisu kinapokwama ni rahisi na huonekana, mradi fundi asiibadilishe kwa bolti ngumu. Klachi ya kuteleza haimsimamishi dereva kila mara, lakini ikikaa miezi ya kiangazi bila kazi hushikana kwa kutu, kwa hiyo kila mwanzo wa msimu nati zake zilegezwe, izungushwe kidogo iteleze, kisha zikazwe upya kwa kipimo cha mtengenezaji. Trekta ya zamani ambayo PTO yake husimama klachi inapokanyagwa iwekewe kifaa cha kuachia mzunguko, la sivyo uzito wa visu vinavyoendelea kuzunguka utaisukuma trekta mbele hata baada ya dereva kutaka isimame.

Minyororo ya mbele na nyuma si pambo. Kokoto inayorushwa na slasha inaweza kuua, na katika vijiji vyetu vijana wachungaji hupenda kufuata trekta na ng'ombe ili wale majani mapya yaliyokatwa. Watu na mifugo wabaki angalau mita 100 mbali. Kuanzia Julai hadi Oktoba kisu kikigonga jiwe cheche moja inatosha kuwasha malisho yote, kwa hiyo anayelazimika kufyeka wakati huo awe na tangi la maji na mabomba ya kunyunyizia, na majani makavu yaondolewe juu ya bamba na kuzunguka giaboksi kila mapumziko.

Mahali pazuri pa kulinganisha mashine zikiwa zimesimama pamoja ni viwanja vya Nanenane vya Nzuguni mwezi wa Agosti, ingawa huko wauzaji huonyesha zaidi rangi kuliko chini ya bamba. Omba slasha inyanyuliwe, iwekewe vizuizi imara, uiinamie. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha hupima zana za kilimo, na ni haki ya mnunuzi kuuliza kama aina anayouziwa imewahi kupimwa. Uliza pia kama visu, bolti zake, oili sili na msalaba wa propela vipo dukani siku hiyo, si kwa kuagiza.

Kwa slasha iliyotumika, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umo mfukoni, shika kichwa cha visu na ukitikise juu na chini: kikicheza, beringi zimekwisha. Fungua kizibo cha giaboksi; mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiliwa na maji. Tazama kwa tochi pale giaboksi inapofungwa kwenye bamba, kwa kuwa nyufa huanzia hapo, na rangi mpya iliyopakwa mahali hapo pekee kwa kawaida hufunika kazi ya kuchomelea. Mwisho, propela shafti ipimwe kwenye trekta yako mwenyewe, slasha ikiwa chini na ikiwa juu, mabomba yake mawili yakiwa yameingiliana walau theluthi moja ya urefu. Ikiwa ndefu mno itasukuma giaboksi mara ya kwanza utakaponyanyua, na hapo muuzaji atasema ulipokea mashine nzima.