Pakiti moja ya Ilford Multigrade ndani ya makopo ya maziwa: tathmini

Karatasi ya kuchapia picha ninayoitathmini hapa ni Ilford Multigrade RC Deluxe, ya kung'aa, yenye ukubwa wa sentimita 12.7 kwa 17.8, katika pakiti ya karatasi 100. Kamera tulizoitumia nazo, za tundu la sindano badala ya lenzi, haziuzwi dukani, kwa sababu ni makopo ya maziwa ya unga ya gramu 900. Nimeimaliza pakiti nzima kwa miezi minne hapa Mji Mkongwe, Unguja, pamoja na vijana sita ninaowafundisha kupiga picha kila Jumamosi, na kila mmoja wao alijitengenezea kopo lake. Ninamwandikia mtu anayetaka kuanza kazi hii na anayetaka kujua fedha yake aiweke wapi.

Kopo lenyewe nitalieleza kwa kifupi, kwani karatasi nzuri haiwezi kuokoa tundu baya. Ndani tulipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Tundu tulilitoboa kwa ncha ya sindano ya kushonea kwenye kipande cha kopo la soda, tukakisugua kwa msasa laini mpaka ukingo wa tundu ukawa mwembamba, kisha tukakibandika kwenye dirisha dogo tulilolikata ubavuni. Karatasi ikikaa milimita 125 kutoka kwenye tundu, kipenyo kinachofaa ni karibu nusu milimita. Hesabu hiyo inatokana na kazi ya Lord Rayleigh, aliyeandika kuhusu picha za tundu la sindano mwaka 1891. Mlango wa kamera ni kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme. Tulichokosea mwanzoni ni kifuniko: kile cha plastiki kinapitisha mwanga, na karatasi nne za kwanza zilitoka za kijivu kuanzia ukingo wa juu mpaka tulipokiziba kwa karatasi nene nyeusi. Vijana hawakupata tabu kuelewa namna kopo linavyofanya kazi. Wengi wamekulia katika nyumba ambazo tundu moja kwenye ubao wa dirisha huwaleta wapita njia ukutani wakiwa vichwa chini, jambo ambalo Ibn al-Haytham alilichunguza miaka elfu moja iliyopita.

Faida ya kwanza ya karatasi hii kuliko filamu ni kwamba haioni mwanga mwekundu. Unaweza kuikata, kuiweka ndani ya kopo na kuisafisha huku ukiona mikono yako inachofanya, na kwa mwalimu mwenye wanafunzi sita katika stoo isiyo na dirisha hilo ni jambo kubwa. Ukiitia kwenye dawa ya kusafishia, ile inayoitokeza picha, iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, picha huanza kujitokeza baada ya sekunde kumi hivi na hukamilika katika dakika moja. Kiwanda kinapendekeza nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba ya hapa hukaribia 30, na katika joto hilo picha hukimbilia weusi kabla hujaamua kuitoa. Tuliweka mfuko wa barafu ndani ya beseni kubwa na kuweka treya ya dawa juu yake, na tatizo likaisha. Baada ya fiksa, dawa inayoizuia picha isiendelee kubadilika kwenye mwanga, dakika mbili za kusuuza zinatosha, kwa kuwa karatasi za aina ya RC zina tabaka la plastiki lisilonyonya dawa. Katika mtaa ambao maji hutoka kwa zamu, dakika mbili dhidi ya muda mrefu unaodaiwa na karatasi za nyuzinyuzi, zisizo na plastiki hiyo, ni sababu tosha ya kuchagua RC. Ukishasuuza, unaibana kwenye kamba ya nguo nayo hukauka bila kujikunja.

Ugumu unaanza unapotoka nje. Karatasi hii imetengenezwa kwa ajili ya kuchapia picha kutoka kwenye filamu, haikukusudiwa kuingia ndani ya kamera, na jua la saa sita mchana juu ya kuta za chokaa huifanya itoe weusi na weupe tu, pasipo kitu katikati. Dawa zake ni mbili, na tulizitumia zote. Ya kwanza ni kuiangaza karatasi kidogo sana chini ya taa hafifu kabla ya kuiweka kwenye kopo, kiasi cha kuifikisha ukingoni mwa kijivu, ili sehemu zenye kivuli zipate pa kuanzia. Ya pili ni kuweka kichujio cha njano nyuma ya tundu, kwa sababu tabaka linaloleta ukali wa weusi na weupe huamshwa na mwanga wa buluu, na njano huuzuia. Kichujio kilitulazimu kuongeza muda karibu mara mbili. Bila kichujio, jua kali lilihitaji sekunde 40 hivi, na kivuli cha barazani dakika nne.

Picha niliyoipenda kuliko zote ilipigwa Malindi ya hapa Mji Mkongwe, pale vyombo vinapofunga. Nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya gogo akishona nyavu zake, nikamwamkia, nikamweleza kwamba kopo lile ni kamera na kwamba ningeliweka chini kwa muda. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Basi nisishone?" Nilimwomba aendelee na kazi yake. Katika picha, kofia yake imetoka wazi kiasi cha kuhesabika mishono ya pembeni, na gogo limetoka na nyufa zake, lakini mikono imekuwa ukungu mweupe juu ya nyavu. Watoto watatu waliopita mbio mbele ya kopo hawamo kabisa. Na kwa kuwa karatasi hukaa imepinda kufuata kopo, ukuta wa gati ulionyooka umetoka umejikunja kama upinde.

Kasoro ambayo sitaki mnunuzi aigundue akiwa ameshachelewa ni ya rangi. Karatasi inaona buluu na kijani tu, kwa hiyo kanga nyekundu hutoka nyeusi ti, na nyuso zetu hutoka nyeusi kuliko zilivyo, huku mistari ya usoni ikipotea. Hii ndiyo tabia ya karatasi zote za aina hii, na kuijua mapema kunasaidia. Binti mmoja katika kundi letu aliikataa picha ya mama yake kwa sababu hiyo, na nilimwona ana haki. Tuliirudia kivulini, mama ameegemea mlango, kwa muda mrefu zaidi ya ule tuliouzoea, na safari hiyo macho na tabasamu vilionekana. Anayetaka kupiga watu asipige juani.

Wapo wanaopendelea Harman Direct Positive, karatasi inayotoa picha chanya, yaani yenye weusi na weupe mahali pake, moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Nimeitumia na ninaiheshimu, hasa kwa weusi wake mzito. Lakini kila picha yake ni moja tu, maandishi husomeka kinyume kama kwenye kioo, na kwa kuwa ni ya nyuzinyuzi inakula maji. Multigrade inakupa picha hasi, yaani weusi na weupe vikiwa vimebadilishana. Ukiilaza kifudifudi juu ya karatasi mpya, ukaweka kioo juu yake na kuwasha taa kwa sekunde chache, unapata chanya iliyonyooka, na unaweza kurudia kadiri watu wanavyotaka nakala. Kwa wanaopenda kugawa picha zao, tofauti hiyo inamaliza mjadala. Asiye na karatasi ya ziada anaweza kuipiga hasi hiyo kwa simu na kugeuza weusi kuwa weupe katika programu yoyote ya picha. Tulifanya hivyo tulipochagua za kutuma kwenye Siku ya Kimataifa ya Picha za Tundu la Sindano, ambayo tangu mwaka 2001 huadhimishwa Jumapili ya mwisho ya Aprili, na kila mshiriki huweka picha moja aliyoipiga siku hiyo hiyo.

Ushauri wa kununua: chukua ya kung'aa, kwani vijipele vya ile ya lulu, yenye uso usiong'aa sana, huonekana ukiinakili kwa skana. Ihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na uiache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa pwani utatua juu yake. Na kwa makopo madogo ikate katikati. Sisi tulianza kukata tukiwa tumebakiwa na karatasi 30, tukapata picha 60, na mbili kati ya hizo zilikuwa nakala za mzee wa Malindi: moja aliibandika ndani ya banda lake la nyavu, na ya pili aliiomba ampelekee nduguye Pemba.