Alinifutia mguu: uzoefu wangu na studio moja ya picha hapa Moshi

Naandika nikiwa bado na hasira. Nilidhani nikilala itapungua, haikupungua.

Nafundisha yoga hapa Moshi. Wanafunzi wangu wengi ni wapagazi na wapishi wa mlimani, watu ambao magoti yao yamepanda na kushuka Kilimanjaro na mizigo mwaka baada ya mwaka. Mkao wenyewe hauwashindi. Ukimwambia akae shujaa, yaani asimame mguu mmoja mbele umekunjwa goti na mwingine nyuma umenyooka, anakaa, na anakaa vizuri. Kinachowashinda ni njiani. Kutoka mkao wa mbwa, kiuno kiko juu, viganja na nyayo ziko chini, mguu mmoja unatakiwa uletwe mbele mpaka katikati ya viganja, ndipo uinuke kuwa shujaa. Wao wanautupa. Unatua puu, na goti ndilo linalopokea. Nimeeleza, nimeonyesha, nimeshika vifundo vyao kwa mikono yangu, wapi.

Ndiyo nikaamua nitengenezewe picha moja kubwa ya ukutani. Mtu mmoja, mkeka mmoja, mwili umepangwa tabaka juu ya tabaka, mwanzo na mwisho vimekolea, katikati pamefifia, ili mtu aufuate mguu kwa macho tangu unapoinuka mpaka unapotua. Hapo katikati ndipo penye somo. Nilimweleza yule bwana wa studio hivyo hivyo, kwa mdomo na kwa WhatsApp. Tukakubaliana 150,000, nikatanguliza nusu.

Siku ya kupiga alifanya kazi, siwezi kumnyima haki yake. Alifika kwangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajatembea, kwa sababu jua likiingia na kutoka kila picha inakuja na mwanga wake, na ukizipanga pamoja zinakataana. Akasimamisha kamera kwenye stendi, akatundika begi lake hapo chini isitikisike, akafunga mwanga, fokasi na rangi visibadilike vyenyewe. Mimi nyeusi juu mpaka chini, nyuma yangu ukuta mweupe ambao mume wangu aliupaka chokaa jana yake kwa ajili hiyo. Nikatoka mbwa kwenda shujaa polepole, mara nne, kamera inapiga mfululizo. Ile ya nne mapaja yalikuwa yanatetemeka. Akasema, "Pumzika dada, tumepata." Nikampa chai na maandazi. Mpaka majirani niliwaambia nimepata mtu anayeijua kazi yake.

Baada ya wiki mbili, au zaidi kidogo, akanipigia niende nikaone.

Jamani. Kwenye kioo cha kompyuta mimi nimeinama kama mbwa upande wa kushoto, na mimi tena nimesimama shujaa upande wa kulia. Kati yetu hakuna kitu. Ukuta wangu mweupe umeondolewa, pamewekwa Kibo na theluji yake, na twiga wawili. Mlima naupenda, nauona kila asubuhi nikifungua dirisha ukiwa umekubali kuonekana, lakini sikumwomba mlima. Nilisogeza uso karibu, labda mguu umefifia sana siuoni. Nikaona kidole gumba. Kimoja, juu kidogo ya mkeka, kinaelea peke yake, na ile rangi ya damu ya mzee niliyopaka kucha siku ile bado ipo. Alifuta miguu yote ya katikati akakisahau hicho.

Nikamuuliza, "Kaka, ile miguu ya katikati iko wapi?"

"Ipi tena?"

"Ile iliyokuwa inapita."

"Aa, ile ilikuwa na ukungu mama, nimekusafishia. Siku tatu nzima nasafisha."

Siku tatu anafuta kile nilichomlipa akitengeneze! Nikafungua simu nikamwonyesha picha niliyomtumia tangu mwanzo, ya Mfaransa Étienne-Jules Marey. Huyu mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, inapiga picha 12 kwa sekunde moja, kisha akaanza kuweka mwendo mzima kwenye bamba moja la kioo. Alimvika mtu nguo nyeusi, akamchora mistari myeupe mikononi na miguuni, akampitisha mbele ya ukuta mweusi. Kilichobaki kwenye bamba ni ile mistari tu, hatua baada ya hatua, unaona goti linavyokunjuka. Kompyuta hana, stendi ya kununua dukani hana. Yule bwana akaitazama sekunde mbili akasema hiyo ni ya kizamani, mashine zao zilikuwa mbovu.

Halafu akageuka kwa watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri picha za pasipoti, akasema kwa sauti, "Huyu mama anataka picha ya mizimu." Wakacheka. Asubuhi ile akinywa chai yangu nilikuwa dada. Siku ya malalamiko nimekuwa huyu mama.

Nilitaka kutoka. Sikutoka, kwa sababu picha zangu zilikuwa mle ndani. Nikamwambia anipe zote kama zilivyotoka kwenye kamera. Akataka 20,000 nyingine, ya kunakili kwenye fleshi. Nikalipa huku mkono unatetemeka.

Jioni nikakaa na mdogo wangu anayejua Photoshop. Tukachagua picha tisa, kila moja kwenye leya yake, moja juu ya nyingine. Kwa kuwa kamera haikusogea, ukuta ulilala juu ya ukuta na mkeka juu ya mkeka, hata doa la chokaa lilikaa palepale. Akaweka ule mpangilio unaoiambia kompyuta kwamba penye tofauti ichukue kilicho cheusi zaidi. Nguo zangu nyeusi, ngozi yangu kahawia, vyote vimeuzidi ukuta weusi, basi mwili wote ukajitokeza bila kufuta chochote. Zile saba za katikati akazififisha. Hatukumaliza hata nusu saa.

Mguu ukafunguka mbele yangu kama jani la mgomba lililochanwa na upepo. Kisigino kinaondoka chini, kinapanda, kinapita chini ya kifua, kinashuka taratibu kati ya viganja. Na nikaona kitu ambacho miaka yote nimekifanya bila kujua kukisema: kwenye ile ya tano kiuno bado kiko juu kabisa, hakijaanza kushuka. Ndiyo maana mguu unapata nafasi ya kupita. Wanafunzi wangu wanashusha kiuno kwanza, kwa hiyo mguu unakosa njia na wanaurusha. Nilishika mdomo. Nilimwita mume wangu aje aone.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Mwanzoni niliandika msiende kwake kabisa, nikafuta. Picha hii imewezekana kwa sababu ya ile asubuhi yake. Stendi ingesogea upana wa kidole tu, tusingepata kitu. Kwa hiyo mwenye kazi ya namna hii ampeleke akapige, achukue picha zake zote siku ileile, asimwachie aguse lolote kwenye kompyuta.

Hapana. Nikikumbuka lile benchi na kile kicheko, hapana. Kama unaye mwingine, nenda kwa mwingine.

Picha iko ukutani tangu juzi. Mpagazi mmoja mtu mzima, ambaye goti lake la kulia limekuwa likimsumbua tangu namfahamu, alisimama pale akafuata ile njia ya kisigino kwa kidole, kimya. Halafu akarudi kwenye mkeka wake, akakaa mbwa, akaleta mguu. Sikusikia puu.

Yule bwana ananidai ile nusu iliyobaki, jana kapiga mara mbili sikupokea. Ananidai 75,000, nitampelekea 40,000, ya stendi na ya asubuhi ile. Siku zake tatu za kunifuta mguu silipi.